Nani Atabaki na Masufuria

Kuna maneno mawili yanayonichefua kuliko tusi: mwenyewe anapenda. Nimeyasikia jikoni kwenye harusi za watu, nimeyasikia msibani, na saluni nayasikia karibu kila wiki. Mwanamke anasugua vyombo vya shughuli nzima peke yake; ukiuliza wenzake wako wapi, unaambiwa mwache, mwenyewe anapenda. Mwingine analala sakafuni ili wageni wapate kitanda, na yeye pia eti mwenyewe anapenda. Hakuna anayekumbuka aliulizwa lini. Nami nilikuwa nayameza tu, kama tunavyomeza mengi, mpaka siku niliyoyasikia mlimani, kwenye theluji, yakisemwa juu ya mtu niliyejua wazi kwamba hapendi hata kidogo.

Nianze na kikundi chenyewe. Sisi ni wanawake wa hapa Durban tunaoelewana kwa Kiswahili: Wakongo ndio wengi, Warundi kadhaa, Watanzania wachache, na Mkenya mmoja anayebishana na kila mtu. Kazi zetu ni za kusimama kutwa au kukaa kutwa. Muuguzi wa kliniki alipotuambia, mmoja baada ya mwingine, kwamba sukari imepanda, presha imepanda, na miguu inavimba kwa sababu haitembei, tukaamua kutembea. Jumapili, Wakristo wakishatoka kanisani, tunakutana, tunapanda kilima cha Bluff, tunashuka, kisha tunarudi makwetu tukiwa tumemsengenya kila anayestahili. Kilikuwa kikundi kizuri. Nasema hivyo bado, na ndiyo sababu nina hasira.

Mkubwa wetu ni mama wa Bukavu ambaye sote tunamwita Prezidanti. Ana saluni katikati ya mji, na mimi nasuka nywele humo humo, nimekodi kiti kwake. Ana dada yake Kanada. Mwaka mmoja dada huyo alituma maboksi ya nguo, na ndani ya boksi moja tukakuta vitu ambavyo mimi, mtoto wa Lindi, nilidhani ni madema ya kuvulia samaki: fremu ndefu za mviringo, zenye wavu katikati na mikanda juu. Prezidanti alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Hizi ni raketi," akasema. "Bazungu banavaa ku miguu, banatembea juu ya theluji. Habazami."

Unazifunga chini ya buti, uzito wako unasambaa, na theluji inakubeba. Raketi, katika mji huu ambao Julai watu wanaogelea baharini! Tukazitundika ukutani, wateja wakawa wanauliza kama ni pambo. Kisha mtu akakumbuka kwamba kwa saa chache tu za barabara kuna milima ya Drakensberg, na huko karibu kila kipupwe theluji huanguka. Ndivyo ilivyoanza. Habari inaingia kwenye simu kwamba imeanguka, na kesho yake saluni zimefungwa, taksi, daladala la huku, imekodiwa, nasi tumejazana ndani na makoti ya kuazima, huku juu ya suruali mbili tatu kila mmoja amefunga kitenge cha sare. Ndiyo, sare. Kikundi cha wanawake bila sare si kikundi, hata kwenye barafu. Mimi nina ushungi, juu ya ushungi kofia ya sufu, juu ya kofia kilemba cha kikundi, mpaka kichwa kinakuwa kizito kuliko kiwiliwili.

Wenzangu hunitania kwamba niongoze njia, maana Kilimanjaro ni yetu na theluji nimezaliwa nayo. Nimeshawaeleza kwamba kutoka Lindi hadi Kilimanjaro si pua na mdomo, na kwamba barafu niliyokua nayo ni ile tuliyouza kwenye vifuko vya nailoni, ya ubuyu na ya ukwaju. Hawasikii.

Theluji nene zaidi iko ng'ambo, Lesotho, lakini hatuvuki. Nusu ya kikundi wana karatasi za ukimbizi, na karatasi hizo hazivuki mpaka. Tunaishia upande huu, kwenye shamba la mama mmoja mzungu anayeturuhusu kuegesha na kupanda mteremko wake. Huyo hana ubaya wowote. Ubaya tulikuja nao wenyewe kutoka Durban.

Sasa nimtaje mtu ambaye habari hii ni yake. Kati yetu yumo mama wa Kirundi, mtu wa Bujumbura, mkubwa kuliko sote kwa umri. Ndiye mpishi. Hakuchaguliwa, siku moja alileta chakula kizuri, na tangu hapo ikawa ni kazi yake. Mtoto wake wa pekee, wa kike, alihamishiwa Norwe pamoja na mumewe katika mpango wa kuwapatia wakimbizi makazi Ulaya, na mama akabaki hapa. Tangu hapo wanaonana kwenye simu. Mjukuu kazaliwa huko, kaota meno huko, anaongea lugha ya huko.

Siku moja nikiwa namsuka, saluni haina watu, akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mwingine.

"Mtoto wangu akinipigia, mara nyingi anakuwa anatembea, anatoka kazini. Mimi nasikia tu miguu yake, krau, krau, krau. Namuuliza, unakanyaga nini? Anacheka. Anasema, mama, haielezeki. Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea. Leo anatembea juu ya kitu nisichokijua."

Akasema kwamba kama Mungu angempa kukanyaga theluji mara moja tu, mwendo mzuri, si hatua mbili za kupiga picha, roho yake ingetulia. Magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Alijua kwamba miaka ya kupanda mlima haikubaki mingi. Nilimwambia atakanyaga tu, si tunakwenda kila mwaka?

Sikiliza sasa jinsi watu wazuri wanavyoweza kumnyima mtu kitu.

Kipupwe cha kwanza raketi zilikuwa chache kuliko sisi, tukatumia kwa zamu: kwanza Prezidanti, kisha mtunza hazina, kisha katibu, na kadhalika. Mama akasema, "Mimi nitakuwa wa mwisho." Alisema kwa adabu, kama unavyosema umeshiba ukikaribishwa kwa watu, ukitegemea watakukaribisha tena. Hawakumkaribisha tena. Tukiwa juu nyani wakateremka kutoka kwenye miamba, wakachukua chapati zote na kupindua sufuria la sombe, kile kisamvu cha Kikongo kinachopikwa kwa mafuta ya mawese. Mama, aliyekuwa anasubiri zamu yake mwanzo wa mteremko, alikimbia chini kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku yake ikaishia hapo, akipika upya kilichobaki.

Kwa hiyo kipupwe cha pili kikaja na sheria: chakula hakiachwi peke yake. Haya, nani atabaki? Dereva wetu, Mzulu mmoja mcheshi, alipoombwa abaki akasema, "Eish, mama, mimi nalipwa kuendesha gari, si kupigana na nyani," akafunga milango akalala. Masufuria yakishapata moto hayawezi kurudi ndani ya taksi yake, mafuta yatamwagika kwenye viti. Tena lazima yakae kwenye mkaa ili tukute chakula cha moto. Watu wakatazamana. Halafu wote wakawa wanamtazama mama. Naye akavuta kigoda. Tuliporudi jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mlima na dereva anapiga honi. Mama alipakua, akaosha, akapanda taksi. Theluji pekee aliyoigusa ni ile iliyoyeyuka kuzunguka jiko, nyeusi kwa masizi, na hiyo si theluji, hiyo ni matope.

Kipupwe cha tatu mimi nikapanga kusema. Tukapita robot, yaani taa za barabarani, za mwisho za Pietermaritzburg, vilima vikaanza, nami nikauliza kwa sauti, "Leo nani atabaki na masufuria?"

Mtu akacheka, akidhani ni mzaha.

"Swali gani hilo, dada?" akasema Prezidanti kutoka kiti cha mbele. "Si ule mama?"

"Mama alibaki mwaka jana. Na mwaka juzi hakukanyaga hata hatua moja. Tuweke zamu."

"Hakuna mutu anamulazimisha. Anapenda mwenyewe."

Hapo ndipo yaliponifika hapa shingoni. Nikageuka nyuma nikamwambia mama, mbele ya taksi nzima, "Mama, waambie. Unapenda kubaki?"

Alikuwa amepakata beseni la chapati. Akatazama beseni, akatazama dirisha, akatabasamu. "Mimi sina neno, wanangu," akasema. "Nendeni tu, mimi nitabaki."

"Unaona?" akasema Prezidanti.

Nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilimkasirikia yeye kuliko wote. Nimejitoa mhanga hapa, nimegombana na mwenye kiti changu cha kazi, na wewe huna neno? Huna neno vipi, na uliniambia kwa kinywa chako? Ilichukua kilima kizima hasira ile ihame kwake na kurudi panapostahili. Mwanamke wa rika lile, aliyelelewa akaleleka, hawezi kusimama mbele ya watu wazima akasema nataka. Kwao, na hata kwetu, anayesema nataka ni mtoto. Mkubwa anasubiri aonwe. Nasi tulijua hivyo, kila mmoja wetu, kwa sababu sote tumelelewa vile vile. Mama zetu wote walikula mwisho. Tulijua kabisa kwamba "sina neno" si jibu. Tulilichukua kama jibu kwa sababu lilitufaa.

Tulipofika, nikapewa raketi zangu. Mwaka huo tulikuwa wachache, kila mtu na zake, ila mpishi tu. Nikaziweka chini kando ya jiko, nikaketi.

"Leo nabaki mimi," nikasema.

"Shauri yako," akasema Prezidanti, na wakaondoka, wakicheka, wakishikana mikono, vitenge vyao vya njano vikipepea.

Nikamwambia mama vaa raketi, wafuate. Akakataa. Nikamwambia tena. Akasema, "Nikuache peke yako na moto, mwanangu? Watu watanionaje?"

"Watu gani, mama? Watu wenyewe ndio wale wamekwenda!"

"Hata hivyo."

Basi tukakaa. Wanawake wawili wazima, tumeamka alfajiri, tumesafiri kutoka pwani ya joto mpaka huku kwenye baridi inayouma meno, tunalinda sombe. Sijawahi kuudhika namna ile maishani. Niliudhika na nyani ambao siku hiyo hawakuonekana hata mmoja. Niliudhika na adabu zetu, ambazo mtu akiwa nazo kidogo anaitwa mhuni, na akiwa nazo kamili anakaliwa kichwani. Kutoka juu tulisikia vicheko na mtu akihesabu moja, mbili, tatu, picha. Mama alinieleza kwamba sombe ukilisonga sana linapoteza ladha. Huku ananieleza, macho yake yako mlimani, na miguu yake, ndani ya viatu vya kanisani alivyovalia soksi za mumewe marehemu, inapigapiga chini taratibu.

Nadhani ni ile miguu iliyonitoa akili.

"Mama," nikasema, "sisi tunalinda chakula kwa sababu kiko hapa. Kikiwa juu, hapa tutalinda nini?"

Akanitazama. "Kitapoa."

"Kipoe."

"Watasema—"

"Waseme."

Akafikiri, mwiko mkononi. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikukijua kwake, cha msichana anayetoroka shule. Akafunika sufuria la sombe, akakunja kitenge kikawa ngata, akakiweka kichwani. Nikapiga magoti nikamvulisha vile viatu, nikamvalisha buti zangu, nikamfunga raketi na kukaza mikanda, kisha nikamtwika sufuria. Mimi nikavaa mabuti ya mpira ya dereva yaliyokuwa nje ya taksi, ambayo kila moja lingenitosha mara mbili, nikabeba chapati na kuku. Mkaa tukauzima kwa theluji.

Hatua ya kwanza alisimama. Ya pili akasimama tena. Nikadhani ni magoti. Nikamuuliza, mama, tupumzike? Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Kumbe inalia," akasema. "Kumbe ndivyo inavyolia."

Tukapanda. Raketi zinataka utembee miguu mbalimbali kidogo, kifua mbele, na wenzetu walikuwa wameanguka sana mwaka wa kwanza kwa sababu ya kuangalia chini. Yeye, sufuria likiwa kichwani, hakuweza kuangalia chini hata angetaka. Alikwenda polepole, shingo imenyooka, mkono mmoja umegusa sufuria. Mimi nyuma yake nilikuwa nazama mpaka magotini na kumlaani dereva na ukubwa wa miguu yake. Lakini nilikuwa nimefurahi, nisiseme uongo. Nilijiona nimeshinda.

Walipotuona walipiga vigelegele. Simu zote zikatoka. Mama aliyebeba sufuria kwenye theluji, amevaa raketi! Wakampiga picha mbele, ubavuni, mmoja akalala chini kabisa ampige na mlima. "Mama ametuletea chakula!" wakaimba. Wakampokea sufuria, wakalizunguka, kifuniko kikafunguliwa, mvuke ukatoka. Na Prezidanti, mdomo umejaa kicheko, akanigeukia mimi.

"Unaona, dada? Nilikuambia. Hata huku juu amekuja kutulisha. Anapenda mwenyewe."

Damu ilinipanda. Nilifungua mdomo, na nakuambieni, nilikuwa na maneno ya kutosha kikundi kizima na akiba. Kiti changu cha saluni nilishakiaga moyoni. Kwamba hata kukanyaga kwake theluji wamekugeuza kuwa utumishi kwao! Kwamba wamemwona, mwishowe, na walichokiona ni sufuria!

Lakini mama alikuwa ametoa ngata kichwani. Akakung'uta kile kitenge, akajifunga kiunoni vizuri, akatoa simu kwenye kifua chake. Kisha akawapita. Akapita pale njia yao ilipoishia, pale walipokanyagakanyaga kwa ajili ya picha, akaingia kwenye theluji ambayo haikuwa na alama ya mtu. Akainama kidogo, simu ameishika karibu na goti, akawa anakwenda.

"Mama!" katibu akaita. "Bijiko biko wapi?"

Vijiko vilikuwa chini, kwenye beseni, kando ya mkaa uliozimwa.

"Mama! Bijiko!"

Hakugeuka. Nilidhani hakusikia, maana upepo ulikuwa unavuma. Wakaita tena, wawili, watatu kwa pamoja, ile sauti ya kumwita mtu ambaye siku zote huja. Alizidi kwenda, na mteremko ule ni mrefu. Nikafunga mdomo wangu. Wakala sombe kwa vidole vilivyokufa ganzi, wakilalamika kwamba limepoa.

Prezidanti hakunisemesha njia nzima ya kurudi. Wiki iliyofuata aliniambia kwamba ninagawa wanawake, kwamba kikundi kilikuwa na amani mpaka nilipofungua mdomo. Nikamjibu kwamba amani ile ilikuwa na mtu mmoja anayeibeba, na akamwambia kila mteja kwamba siku hizi nina maneno. Bado nasuka kwake. Jumapili bado tunapanda Bluff, ingawa yeye na mimi tunatembea ncha mbili tofauti za mstari.

Baadaye, siku ya watu wengi, mama alikuja kusuka. Prezidanti alikuwa anamkausha mteja nywele kiti cha pili. Simu ya mama ikalia, ujumbe wa sauti kutoka Norwe, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa chini ya kitambaa akanipa nibonyeze. Sauti ya binti yake ikaijaza saluni. Alisema amesikiliza ile rekodi mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Alisema amemsikilizisha mtoto, akamwambia, huyu ni bibi yako anatembea. Kisha akacheka kidogo, akauliza:

"Lakini mama, hao nyuma yako wanaokuita, wanaoulizia vijiko, ni akina nani? Uliwajibu nini?"

Prezidanti akazima mashine ya kukaushia. Sijui kwa nini aliizima. Mama akatoa mkono chini ya kitambaa, akachukua simu, akaisogeza mdomoni, akasema kwa sauti yake ile ile ya taratibu, ila safari hii hakuipunguza.

"Sikuwajibu, mwanangu. Nilikuwa natembea."